Ona Nasi Tuone

Mzee alimaliza, akasimama. Mkuki ameukita ardhini, kifua kinapanda na kushuka, jasho limemtiririka mpaka kwenye kipande cha mbugu, nguo ya gome la mti, alichojifunga begani. Akatazama upande wetu. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye meza za bustani ya hoteli moja ya ufukweni mjini Bukoba, wengi wetu wajumbe wa semina iliyofungwa alasiri ile, na chakula ndio kwanza kimeletwa. Tukapiga makofi. Mzee akaendelea kutazama, kama mtu aliyebisha hodi akasikia watu wanaongea ndani na hakuna anayemwambia karibu. Kisha akaung'oa mkuki wake, akainamisha kichwa, akatoka. Vijana wakaendelea na ngoma.

Mimi sikuwa mjumbe wa semina, nilikuwa mpangaji wa chumba tu, lakini nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa nimesafiri kutoka Mombasa, nikapita Nairobi na Kampala, nikagongewa muhuri kwenye pasipoti pale Mutukula, na usiku wangu wa kwanza katika nchi ya watu nikaikuta ngoma bila kuitafuta. Moyo ulinijaa. Hata hivyo lile jicho la mzee lilinifuata hadi chumbani, na nilipozima taa nikawa bado najiuliza alikuwa anangoja nini.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka tukifika kwenye ushairi simulizi huandika ubaoni kichwa cha somo, majigambo au vivugo, na chini yake sifa: hutungwa na kughanwa na mhusika mwenyewe, huwa katika nafsi ya kwanza, hutaja matendo ya ushujaa, hujaa chuku na sitiari. Wanafunzi hunakili, hukariri, hujibu mtihani, hupata maksi. Nami nilikariri hivyo hivyo nilipokuwa msichana. Sikuwahi kujiuliza neno kivugo limetoka wapi, maana liliingia darasani limevaa sare ya Kiswahili na hakuna aliyelishuku. Kumbe lina ndugu zake huku Maziwa Makuu. Wahaya wana ebyebugo, Wanyankole wana ebyevugo, Wanyarwanda wana ibyivugo. Profesa M. M. Mulokozi, mwana wa mkoa huu huu wa Kagera, aliyepanga tanzu za fasihi simulizi katika makala yake ya mwaka 1989 ambayo walimu tunaitegemea hadi leo, alikuwa anaandika juu ya mambo aliyoyajua kwa masikio yake. Tangu 1983 alikwisha kuandika kuhusu wapiga nanga, ala ya nyuzi ya kwao, akiuliza kama hawa nao si watambaji wa tendi, wakati ambapo baadhi ya wasomi wa nje walikuwa na shaka kama Afrika ina tendi zozote.

Kwa hiyo usiku ule, mdomoni mwa mzee yule, nilikuwa nimesikia, kwa mara ya kwanza maishani, kitu ninachokifundisha. Na jibu langu lilikuwa makofi.

Aliyenialika ni shoga yangu, Mhaya aliyeolewa Mombasa, tunafundisha pamoja. Kitinda mimba wao alikuwa anaoa, kijijini kwao juu ya uwanda wa Kamachumu, wilayani Muleba. Usiku wa hotelini yeye alilala Rwamishenye kwa shangazi yake. Asubuhi nilipomsimulia alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Mlimwitikia?"

Nikamwambia tulipiga makofi, tena sana.

"Maskini mzee," akasema, na akanishika mkono tuwahi Hiace.

Kutoka Bukoba kwenda Muleba ni kilomita 70 hivi, kusini, ziwa likiwa mkono wa kushoto, mara linaonekana mara linajificha. Mtu wa pwani aliyezoea minazi iliyoachana, kila mmoja na anga lake, huingia kwenye migomba ya Wahaya kama anayeingia nyumbani kwa mtu. Kibanja chao ni nyumba, na migomba inayoizunguka nyumba, na mibuni chini ya migomba, na maharage chini ya mibuni, na makaburi ya wazee humo humo, karibu na mlango. Ukitoka nje ya kijiji mara moja unaipata rweya, nyika ya majani mafupi, tupu, inayopigwa na upepo wa ziwa. Kisha migomba tena. Tulipita Kemondo, tukapita Muhutwe, gari likaanza kupanda. Ilikuwa Desemba, msimu wa senene, na kila kituo watoto walikimbilia madirishani na ndoo za senene waliokwisha kunyonyolewa mabawa na miguu. Shoga yangu alinunua mpaka mkoba ukakataa kufunga.

Mama yake alitupokea uani. Hakuniuliza habari za safari. Aliniletea kwanza akaibo, kikapu kidogo cha ukili chenye kifuniko cha ncha kali, kilichosukwa kwa ufundi kiasi kwamba nilidhani ni pambo. Ndani mlikuwa na buni kavu. Huku kahawa hutafunwa. Buni huchumwa kabla hazijaiva, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni hupewa hata kabla ya maji. Ni desturi ya kale kuliko biashara ya kahawa, na ndani ya desturi hiyo kulikuwa na jambo zito zaidi: wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana mbegu mbili za tunda moja zilizopakwa damu zao. Nilitia buni moja kinywani. Chungu, halafu tamu kidogo, halafu harufu ya moshi. "Karibu waitu," mama akasema, na neno hilo la heshima nikaanza kulisikia kila pembe ya kijiji, mwanzoni mwa sentensi, katikati na mwishoni.

Usiku mvua ikanyesha, umeme ukakatika, wajukuu wakamzunguka bibi yao. Hadithi aliyoisimulia ilikuwa kwa Kihaya, hivyo kwangu ilikuwa sauti tu, ila nilitambua mwanzo wake. Alisema kitu kifupi, watoto wakamjibu kwa pamoja, na hapo ndipo akaanza. Nikamuuliza shoga yangu maana yake. Akaniambia: msimuliaji anasema amekuja na ameona. Wasikilizaji wanamjibu: ona, nasi tuone.

Nikamwomba arudie. Sisi tuna paukwa, nao ni pakawa. Shangazi yangu wa Lamu alituanzishia hivyo kila usiku barazani, na hakuendelea mpaka kila mtoto, hata aliyekuwa anasinzia, aitikie. Lakini pakawa yetu imekwisha kuchakaa mdomoni, tunaisema bila kuichungulia ndani. Ya Wahaya ilinipiga ikiwa mpya. Hawamwambii msimuliaji awasimulie. Wanamtuma kuona. Yeye ni macho yao, na bila ruhusa yao haoni kitu. Peter Seitel, Mmarekani aliyekusanya hadithi za Wahaya, kitabu chake cha mwaka 1980 alikiita kwa itikio hilo hilo, na naamini aliona alichokiona mama yule gizani: kwamba kazi nzima imebebwa na wale wanaoitika.

Arusi ilikuwa kesho yake, baada ya misa, chini ya turubai lililofungwa kati ya migomba miwili na ukuta wa jiko. Nilipewa juisi ya ndizi ambayo haijachachushwa, wengine wakapewa lubisi, pombe ya ndizi. Na tulipokaa tu, makondere yakalia.

Sijui kama nitaweza kuieleza sauti ile. Makondere ni baragumu za vibuyu, ndefu na fupi, na kila moja ina noti moja peke yake. Mpigaji hawezi kupiga wimbo hata akitaka. Anapuliza noti yake mahali pake, ananyamaza, anangoja mpaka zamu izunguke, anapuliza tena. Nilikaa jirani na kijana wa miaka kama kumi na sita aliyeshika kondere dogo kuliko yote. Midomo aliibana mapema, macho ameyakaza kwa mwenzake wa upande wa pili, kidole gumba cha mguu kinahesabu kwenye vumbi. Akapuliza: pu. Akashusha kondere, akameza mate, akahesabu. Pu. Ukimtazama yeye peke yake ungesema mtoto anacheza. Ukifumba macho unasikia wimbo mmoja unaopita kutoka mdomo hadi mdomo, na huwezi kusema ni wa nani.

Nilifikiria siwa. Watu wa Lamu tuna siwa mbili, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, ndefu, nzito, kazi ya mikono ambayo sijaona mfano wake. Zilipulizwa kwa ajili ya wafalme na kwenye arusi za waungwana, na mtu hakuruhusiwa kuzipuliza hivi hivi. Sasa ziko kwenye makumbusho ya Lamu. Nimewapeleka wanafunzi mara nne kuziona. Tumevisoma vibao vyake, tumezipiga picha. Katika maisha yangu yote sijasikia siwa ikilia, wala mama yangu hakusikia, na wala sijamkuta mtu anayeniambia ilikuwa na sauti gani.

Makondere nayo yalikuwa ya ikulu. Wahaya walikuwa na nchi kadhaa, Kiziba, Kianja, Ihangiro, Kyamutwara na nyingine, kila moja na Omukama wake, na katika lugha za huku kutawazwa huitwa kula ngoma. Ngoma ndiyo ilikuwa kiti chenyewe. Ikulu ilikuwa na ngoma ya enkoito, ilikuwa na makondere, na ilikuwa na omutoro, ngoma ya wanaume ambapo shujaa alitoka mbio kundini, akafika mbele ya Omukama, akasema kivugo chake: mimi ni nani, nimepigana wapi, nimefanya nini. Alikuwa anatoa hesabu. Omukama alisikiliza, na baraza lilikuwapo kusema ni kweli au kunyamaza. Kunyamaziwa pale, nadhani, kulikuwa kuangushwa.

Halafu wafalme wakaondolewa. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza wizara mpya ya utamaduni, akasikitika kwamba waliosoma walifundishwa kucheza rumba wasifundishwe ngoma za kwao. Alizitaja baadhi, na lelemama ilikuwamo, ngoma ya bibi yangu. Mwaka 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu. Sijawahi kuyaona matukio hayo mawili yakiwekwa kwenye ukurasa mmoja, lakini mimi nikiwa chini ya lile turubai niliyaona yamekaa pamoja. Mkono mmoja uliinua ngoma, ukaipa wizara, ukaipa kikundi cha taifa, baadaye ukaipa chuo pale Bagamoyo. Mkono wa pili, miezi michache tu baadaye, ulimwondoa yule ambaye ngoma hizi zilikuwa zinasema naye. Uganda nao walifuta falme zao mwaka 1967, wakazirudisha 1993, na makondere ya huko yana kwa kwenda. Ya huku yalibaki na jukwaa.

Silaumu jukwaa. Nchini kwangu tuna Bomas of Kenya tangu 1971, na wapo watoto wa Mombasa ambao bila Bomas wasingejua kwamba Waluhya wana isukuti. Wala siwalilii wafalme, kwani babu zetu wengi walilimishwa na kutozwa na wafalme. Ninachosema ni kwamba jukwaa lina taa, lina muda wake kwenye ratiba, lina kiingilio, na mwishoni lina makofi, na makofi humwambia msanii kwamba tumemaliza. Hayamwambii tumesikia ulichosema. Mzee wa Bukoba alitupa hesabu ya maisha yake akasimama asikie ni kweli au si kweli, sisi tukamwambia hongera.

Na sisi tusiojua lugha tutaitikiaje? Nilijitetea hivyo moyoni, kisha utetezi ukaniponyoka. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Bukoba alipotoa Maria Salome, Mombasa nzima ilikuwa inaimba Kihaya. Kwenye matatu, kwenye arusi, dobi wa mtaani kwetu alikuwa anapiga pasi kwa mdundo ule. Hatukujua neno hata moja na hatukuona haya kuitikia. Kizazi cha wanafunzi wangu kiliupata wimbo huo upya mwaka 2016 kupitia Salome ya Diamond Platnumz, nao wakaitikia. Kwa hiyo lugha haikunizuia kule hotelini. Kilichonizuia ni kiti nilichokikalia kama mgeni, sahani mbele yangu, na kudhani kwamba mgeni kazi yake ni kutazama.

Mara nikamwona. Alitoka nyuma ya wapiga ngoma na mbugu ile ile, mkuki ule ule. Kikundi kilikuwa kile kile. Kumbe ni watu wa vijiji vya jirani, hushuka Bukoba wakiitwa, wakirudi wanalima. Ngoma zikabadilika, zikawa nzito. Mzee akakimbia hatua sita au saba, akasimama ghafla mbele ya bwana arusi, akanyoosha mkuki juu ya bega, akaanza.

Maneno yalimtoka kwa pumzi moja, ya juu, ya haraka, bila kituo, mpaka ukaona mshipa wa shingo unatutumka na ukahofia ataanguka. Pumzi ilipokatika, turubai zima likamjibu. Wanawake waliokuwa jikoni walijibu wakiwa na miiko mkononi. Akavuta pumzi, akaenda tena, wakajibu tena. Shoga yangu aliniinamia akinitafsiria sikioni, na hapo nilipata mshtuko wangu wa pili, kwa sababu nilikuwa nangoja mikuki, ng'ombe na wafalme.

"Anasema alikuwa mgambo," akaninong'oneza. "Anasema daraja la Kyaka lilipovunjwa yeye alikuwa upande huu. Anasema walivuka Kagera, anataja aliokuwa nao. Huyo amekufa. Huyo naye amekufa. Anasema alikwenda na miguu hii mpaka Masaka."

Mzee hakuwahi kusimama mbele ya Omukama yeyote. Wafalme walipofutwa alikuwa mtoto. Alipokea chombo cha ikulu akatia ndani yake vita vya Jamhuri, vile vilivyoanza majeshi ya Idi Amin yalipovamia kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalivunja daraja, na vikafika Kampala Aprili 1979. Kitabu changu cha darasani kinasema vivugo ni vya zamani za vita vya mikuki. Mkuki alikuwa nao mkononi, ila alichokibeba begani ule mwaka ni bunduki. Na mimi nililipita daraja la Kyaka siku mbili kabla, mchana, gari likiwa limepunguza mwendo, nikawa natafuta mtandao kwenye simu.

Nani alikuwa anampokea, sasa? Bwana arusi alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mhasibu, suti imembana mabegani. Alisimama wima kabisa. Hakutabasamu, hakupiga picha. Mzee alipofikia mwisho akapiga goti, akaulaza mkuki chini mbele ya miguu ya bwana arusi, na kijana yule akainama, akauinua kwa mikono miwili, akamrudishia. Turubai likaitika mara ya mwisho kwa sauti ambayo nilihisi kwenye meno. Nami nilikuwa nimeitika. Sijui nilitoa sauti gani. Shoga yangu alinibana kiganja.

Baada ya keki ikaja zamu ya utambulisho, ambao kwa Watanzania hauna mchezo, kila upande husimamishwa na kila mgeni hutajwa. Mshereheshaji akasema kuna mgeni kutoka nje ya nchi, asimame ajitambulishe kwa wakwe. Nikasimama. Nikataja jina langu, nikataja Mombasa, nikasema ni mwalimu, nikataka kukaa. Watu hawakupiga makofi. Walinyamaza wakiningoja, kwa upole, kama watu wanaojua kwamba mgeni ndio kwanza anaanza. Na katika ule unyamavu mtu wa ngoma akapiga pigo moja.

Nilisema: mimi ni mjukuu wa baharia. Wakaitika. Magoti yalinilegea, na sauti ikapata nguvu, sijui kwa njia gani mambo hayo mawili hutokea pamoja. Nikasema babu yangu alipakia boriti za Lamu akazifikisha Arabuni kwa tanga na upepo wa kusi. Wakaitika. Nikasema bibi yangu alicheza lelemama na wenzake wa mtaa mpaka wa mtaa wa pili wakafunga milango. Wanawake wakaipigia hiyo vigelegele. Nikasema mama yangu aliuza mahamri alfajiri miaka kumi na minne, na kila kitabu nilichosoma kimepita kwenye karai lile. Hapo sikuweza kuendelea. Wao wakaendelea kuitika mpaka nikakaa.

Usiku huo sikulala upesi. Nilihesabu darasa baada ya darasa, miaka kumi na tisa, wanafunzi niliowasimamisha mbele wasome kivugo cha mfano kutoka kitabuni, mmoja mmoja, wenzao wakiwa wameinamisha vichwa wananakili sifa.

Asubuhi nilimkuta mzee anasaidia kufungua kamba za turubai. Bila mbugu, kwenye shati la kijani lililofifia, alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kiswahili kilichonyooka, cha jeshini. Nikamwambia nilikuwapo kule Bukoba, kwenye bustani.

"Nilikuona," akasema.

"Nilishindwa kukuitikia, baba."

"Hukuambiwa." Akazungusha kamba kiwikoni, mizunguko mitatu minne, akiikaza vizuri. Halafu akasema, "Mwalimu, lakini na wewe jana kuna kitu umekiruka."

Nikamngoja.

"Hicho chombo cha babu yako. Kiliitwaje?"

Nikamjibu lilikuwa jahazi.

"Jahazi ni aina. Mimi sikusema mto, nilisema Kagera. Sikusema mwenzangu, nilimtaja jina na jina la baba yake. Chombo kinakwenda mpaka Arabuni, kinarudi, kinakwenda tena, hakina jina?" Hakuwa ananikemea. Alitaka kujua. Usiku kucha, akaniambia, alikuwa anakiona kile chombo baharini, na bahari hajaiona maishani, lakini kila kikimkaribia hakina jina ubavuni.

Kilikuwa na jina. Majahazi yote yana majina. Ila sikulijua, na aliyelijua katika watu waliobaki hai alikuwa mmoja. Nikatoka kwenye migomba hadi barabarani mtandao unapokamata, mzee akinifuata na kamba yake mkononi, nikampigia shangazi yangu Lamu. Alidhani kumekufa mtu. Nikamtuliza, nikamwambia niko Kagera, niko arusini, kuna mtu hapa anataka kujua jahazi la babu liliitwaje.

"Nani anataka kujua?"

"Mzee mmoja, shangazi. Mpiganaji."

Alinyamaza muda mrefu nikaangalia simu kama salio limekatika. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa sakafuni, nikasikia anakaa, na pumzi yake ikatulia. Kwa ile sauti ya barazani ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa na miaka tisa, akasema:

"Paukwa."

Nikaitikia kwa nguvu hata mzee akageuka.